Pasipoti Iliyoshonwa

Bi Kiraka hakuweza kuona kitu kimechanika akakiacha hivyo. Ndiyo ilikuwa hali yake, na jina lake lilitoka huko. Sindano ilikaa kwenye kola ya gauni lake, upande wa kushoto, imezungushiwa uzi, na popote alipokuwa, msibani, harusini, kwenye foleni ya maji, akiona pindo limening'inia mkono ulikwenda kolani kabla mdomo haujaomba ruhusa. Kuna bwana mmoja alisimama mbele yake benki akahisi kitu kinamtekenya ubavuni. Kugeuka, mama wa watu anakata uzi kwa meno. "Tayari, baba," akamwambia. "Endelea na foleni."

Alikuwa fundi cherehani, si wa mitindo, wa marekebisho. Ukitaka gauni la kutikisa mji, mafundi wa kazi hiyo walikuwa mtaa wa juu. Kwake zililetwa zipu zilizokufa, sare za shule zilizoachwa nyuma na miguu ya wenyewe, na suruali za wanaume walionenepa wakakataa kukiri. Chumba chake kilitazama barabara. Cherehani iliwekwa mlangoni kufuata mwanga, na nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, jiko na maisha yake mengine yote.

Mume alimpata kwa suruali. Alikuwa kijana mpakiaji wa mizigo ghalani, akaleta suruali iliyoachia mshono wa nyuma. Bi Kiraka akaishona. Wiki iliyofuata kijana akarudi na suruali ileile, mara hii mshono wa pembeni. Kisha mfuko. Mara ya nne fundi akaipeleka mlangoni akaitazama vizuri. Uzi unaokatika kwa kuvaliwa huwa umechakaa kwanza, ukavutika, ukaota vinyweleo. Huu ulikuwa umekatwa kwa wembe, pito baada ya pito, tena kwa adabu.

"Kaka, hii suruali haijachanika," akamwambia. "Umeifumua."

Kijana akatazama viatu vyake. "Sasa ningekuja na sababu gani?"

Mtu anayeharibu suruali yake ya pekee kwa ajili yako, utamfanya nini? Waliolewana, kama watu walivyotania mtaani, kwa kuwa haikujulikana nani kamwoa nani.

Halafu ikaja safari. Mume alipata kazi ng'ambo, kwenye ghala la kugandisha nyama, kupakia na kupakua maboksi ndani ya baridi isiyojua mchana wala usiku. Akaondoka akisema miaka miwili tu. Hiyo miwili ilizaa mingine, na ilipofika saba hakuna aliyekuwa bado anahesabu kwa sauti. Alirudi mara moja katikati, kumzika mama yake, akakaa wiki tatu akiwa na kikohozi. Kuja mara kwa mara hakuweza, maana kibali chake cha ukaazi kilifungwa kwa mwajiri, kila mwaka kiliombewa nyongeza, na akitoka nje ya nchi ile ombi likiwa bado mezani, ombi linakufa. Ombi lilikuwa mezani karibu wakati wote. Mtoto Mungu hakuwapa, na watoto hawapatikani kwa simu.

Majirani hawakukosa la kusema. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walimwambia, wakimaanisha mume. Bi Kiraka alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asiwasikie. Alichotaka kilikuwa kidogo sana kiasi cha kuona haya kukitaja: alitaka kumsikia mtu anageuka kitandani.

Mwaka wa saba mume alipiga simu na sauti ya mtu aliyekimbia. Alikuwa amekaa kule muda unaotosha, na sheria sasa ilimruhusu kumleta mke. "Nenda uhamiaji ukachukue pasipoti," akasema. "Nenda leo."

Nje ya ofisi ya uhamiaji kulikuwa na mtu wa makamo anayeitwa Bwana Mwavuli, kwa sababu ya mwavuli mkubwa wa kampuni ya simu aliokuwa akiketi chini yake na meza yake ya kukunja. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu. Maneno alikuwa nayo mengi kuliko wateja. Bi Kiraka alipomwambia anataka viza ya kwenda kuishi na mumewe, bwana yule aliweka kalamu chini.

"Dada, tuelewane kwanza, maana hapa ndipo watu wanapopotelea. Viza haikuruhusu kuishi popote. Viza ni hodi. Umepiga hodi, wamekusikia, wamesema sogea mlangoni. Ukifika mlangoni, yule wa muhuri ndiye anasema karibu, au hasemi. Na ukishakaribishwa unakwenda kuomba kibali cha ukaazi, huko huko. Kibali ndiyo kitanda. Usije ukachanganya hodi na kitanda."

"Kwa hiyo mpaka nipate kitanda, ninagonga tu?"

"Unagonga tu, dada yangu. Na kuna nyumba zina milango mingi."

Hakusema uongo. Cheti cha ndoa kilitafsiriwa, tafsiri ikapigwa muhuri, muhuri ukapelekwa ofisi nyingine kuthibitishwa kwamba ni muhuri. Picha zilikataliwa kwa sababu masikio hayakuonekana, zikakataliwa tena kwa sababu alikuwa ametabasamu. Picha ya kifua, ile ya hospitali, ilipita muda wake wakati akisubiri barua ya polisi ya kuonesha hana kosa, na picha mpya ya kifua ilipotoka, barua ya polisi nayo ikawa imezeeka. Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, na Bi Kiraka yuko katikati na bahasha yake ya kaki, kwenye benchi lililong'arishwa na makalio ya waliomtangulia. Subira huvuta heri, wifi yake alikuwa akimwambia kila jioni. Hakuna anayesema inaivuta kutoka umbali gani.

Dirishani ubalozini, binti aliyekuwa nyuma ya kioo alimuuliza, "Kwa sasa wewe na mume wako mnaishi pamoja?"

"Ndiyo maana nimekuja hapa, mwanangu. Hatuishi pamoja."

"Basi nitajuaje kwamba ndoa yenu ni ya kweli?"

Bi Kiraka alisogeza mdomo karibu na kioo. Akamsimulia habari ya suruali. Binti hakuandika neno, ila alikuwa ameacha kutazama saa.

Viza ilitoka. Ilibandikwa ukurasa wa katikati, ina picha yake isiyotabasamu, na kuna tarehe. Bwana Mwavuli alimsomea kwa sauti, ingawa Bi Kiraka alijua kusoma. "Hii tarehe si ya kukaa. Ni ya kuingia. Ikipita hujavuka mlango, hodi yako imekufa." Mume kule akaomba likizo. Akanunua koti la kike la baridi bila kujua kipimo, akapanga chumba cha watu wawili. Bi Kiraka alimkabidhi wifi yake chumba na cherehani. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa muuza ndoo na mabeseni, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na machozi ya karibu, na alivipokea vyote viwili, chumba na cherehani, huku akilia na kupima pazia.

Tatizo lilikuwa pasipoti yenyewe. Ilikuwa mpya kwa umri, ila imeishi maisha magumu. Kila ofisi iliitaka kopi, na kila mwenye mashine ya kopi aliifungua akailaza kifudifudi, akaikandamiza kwa kiganja kama unga. Ilikuwa imebebwa juani, imelowa mvua mara moja, imefunguliwa na vidole vyote vya serikali. Asubuhi ya siku moja kabla ya safari, Bi Kiraka alipoifungua kuitazama tena ile viza, uzi wa katikati ukaachia. Kurasa za kati zikatoka mkononi mwake, viza ikiwamo.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mtu mwingine angekimbilia uhamiaji, akaulizwa, akapangiwa tarehe. Yeye aliona mshono ulioachia tu, na kwa mshono ulioachia alijua la kufanya. Mkono ukaenda kolani.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kushona kitu kwa makini kiasi kile, hata shela ya harusi yake. Alitafuta uzi unaofanana na ule wa zamani mpaka akaupata chini ya kopo la vifungo. Akaupitisha kwenye mshumaa upate nta usivute maji. Matundu ya zamani aliyafuata yaleyale, na pale yalipokuwa yamepanuka akatoboa mapya, madogo, kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo. Alishona akienda, akarudi akishona, fundo akalificha ndani kabisa kwenye mkunjo. Alipomaliza alikivuta kitabu huku na huku. Hakikutikisika.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akamwambia wifi yake, akimwonesha.

Wifi aliigeuza pasipoti juu chini. "Wifi yangu, hata kiwandani hawashoni hivi."

Kwenye kiwanja cha ndege waliagana kwenye mlango wa vioo. Begi lilipokelewa, likaondoka peke yake kwenye mpira unaotembea. Kilichobaki ni kibanda cha ofisa wa uhamiaji, mwanamume mpole mwenye miwani ya kusomea, aliyekuwa akigonga mihuri bila kuinua macho. Alipofika kwa Bi Kiraka aliacha kugonga. Aliikunja pasipoti kwa nyuma, akapitisha kidole katikati ya kurasa, akaisogeza chini ya taa.

"Nani ameshona hiki kitabu?"

Bi Kiraka akatabasamu. Miaka yote ya kazi yake, mtu aliyeuliza nani ameshona alikuwa amependa kazi.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Kwa mkono."

Ofisa akavua miwani. Akamwomba asubiri, akaondoka na kitabu, na Bi Kiraka akaketi kwenye kiti cha chuma akiwa bado na vipande vya lile tabasamu. Ndege yake iliitwa. Iliitwa tena. Ofisa aliporudi alikaa naye kwenye kiti cha pembeni badala ya kurudi kibandani, na hapo ndipo Bi Kiraka alipoanza kuogopa.

"Mama, kitabu hiki kimefumuliwa."

"Hakikufumuliwa, baba. Kiliachia chenyewe. Mimi nimekishona."

"Wote wanasema hivyo. Wanafumua, wanatoa ukurasa, wanaingiza ukurasa wa mtu mwingine, wanashona."

"Viza ni yangu. Uso ni huu, tazama."

"Sijasema si yako. Ninasema kitabu kikishapita sindano ya mtu hakifai tena. Hata nikikuruhusu mimi, huko utakakofika hawatakufungulia mlango. Watakurudisha na ndege ileile, na jina lako litabaki kwenye mashine zao."

Bi Kiraka alitazama mikono yake. Kisha akauliza swali ambalo lilimkaa kichwani kwa muda mrefu baadaye. "Na kama ningekishona vibaya?"

Ofisa alifikiri kwa haki kabisa. "Ungeshona vibaya, kwa uzi mwekundu, mishono ya kwenda kombo, pengine ningesema huyu mama wa watu kajishonea kitabu chake kwa kutojua. Nisingekuruhusu, lakini ningekuamini. Huu ni mshono wa mtu anayejua kazi. Wanaobadilisha kurasa ndio wanaoshona hivi."

"Nitafutie kitambaa nikuoneshe," alisema, na tayari sindano ilikuwa mkononi. "Nipe shati lako. Nipe chochote."

"Usinioneshe, mama," ofisa akamwambia kwa upole. "Utazidi kujiharibia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ufa aliuziba, na ukuta akajengewa palepale. Begi lake lilipotolewa kwenye ndege na kuletwa, zipu ilikuwa imeng'oka. Aliketi sakafuni akaitengeneza huku machozi yanadondokea mikono yake, watu wanampita na mizigo yao, na alipomaliza akampigia mumewe, ambaye kule alikuwa ameshaomba gari la rafiki kwa ajili ya kwenda kumpokea.

Alimwambia yote kwa pumzi moja. Alijiandaa kusikia neno ambalo angelistahili, maana miaka saba si kitu kidogo kukishonea mwisho kwa mkono wako mwenyewe.

"Ulitumia uzi gani?" mume akauliza.

"Ule wa rangi ya maziwa. Nikautia nta."

"Basi hautakatika," akasema, na sauti yake ikaishia hapo, na wote wawili walilia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Mtaani walimpokea kama mtaa unavyojua. "Kumbe ng'ambo ni karibu hivi? Umekwenda asubuhi umerudi mchana!" Wifi alimrudishia cherehani, chumba wakagawana. Pasipoti ilizuiliwa kwa uchunguzi, na mpya haikuweza kutolewa mpaka ya zamani imalize kuchunguzwa. Viza ikafia ndani yake, tarehe ikapita, hodi ikanyamaza. Aliitwa kueleza, akaeleza. Akaitwa kumweleza mkubwa wa yule aliyeelezwa. Mara ya mwisho alikutana na ofisa kijana ambaye kifungo cha shati lake kilikuwa kimening'inia kwa uzi mmoja. Mkono wa Bi Kiraka ulikwenda kolani, ukasita, ukarudi mapajani. Alitazama kile kifungo mpaka maelezo yakaisha, akaondoka akikiacha. Usingizi haukuja kwa urahisi siku ile.

Mwishowe waliamini kwamba alikuwa fundi tu na si mhalifu, wakampa pasipoti mpya, na ile ya zamani wakamrudishia ikiwa imekatwa kona. Alitaka kuanza kupanga karatasi upya, na ndipo mume akapiga simu na sauti ya mtu aliyekaa chini. Ghala lilikuwa limefungwa. Mwenye mali ameuza, wafanyakazi wametawanywa. Yeye alikuwa amepata kazi nyingine haraka, ghala jingine, mji mwingine, kwa sababu bila mwajiri kibali kingemfia. Lakini mwajiri mpya ni kibali kipya, na kibali kipya kinaanza kuhesabiwa tangu mwanzo. Ile haki ya kumleta mke, aliyoikalia miaka yote ile, ilikuwa ya kibali cha zamani.

"Kwa hiyo?" akauliza Bi Kiraka.

"Kwa hiyo nisubiri tena miaka."

Bi Kiraka alikuwa na zipu ya mtu mkononi, akaendelea kuipandisha na kuishusha.

Bwana Mwavuli, aliposimuliwa, hakufanya mzaha hata kidogo, na hilo lilimtisha Bi Kiraka kuliko habari yenyewe. "Kuna mlango mmoja umebaki," akasema. "Viza ya matembezi. Miezi mitatu, unaingia, unasalimia, unatoka. Haina kibali nyuma yake. Haina kitanda."

"Nitakwenda kwa mume wangu kama mgeni?"

"Utakwenda kama mgeni. Na sikiliza, dada, maana hapa mambo yanageuka. Ile ya kwanza ulitakiwa uwaoneshe kwamba huwezi kuishi bila yeye. Hii inataka uwaoneshe kwamba utamwacha. Usilie dirishani. Ukilia watajua hutarudi."

Hakulia. Binti wa kioo hakuwapo, alikuwa mwanamume mwenye mafua. Aliuliza maswali kwa mpangilio wake. Mna watoto? Hatuna. Una nyumba? Ya kupanga. Una shamba? Sina. "Sasa nini kitakurudisha huku?"

"Zipu za watu," alisema Bi Kiraka, na akamwonesha kwenye simu picha ya chumba chake, nguo zimepangwa mpaka dirishani, kila moja ina kikaratasi na pini. "Wenyewe wananisubiri. Nisiporudi nusu ya mtaa itatembea uchi."

Yule bwana alipenga kamasi. Huenda alikuwa anacheka. Viza ilitoka, na safari hii Bi Kiraka aliifunga pasipoti kwa kitambaa, akaifunga tena kwa mfuko wa nailoni, na hakuifungua mpaka alipoambiwa aifungue.

Mlango wa pili, ule wa nchi ile, uliongozwa na mama mnene aliyeuliza kupitia kwa mkalimani: umekuja kufanya nini? Kumtembelea mume wangu. Unarudi lini? Alitaja tarehe kabla swali halijaisha, kama Bwana Mwavuli alivyomfundisha. Muhuri ukagongwa, na ndiyo ikawa karibu yake.

Mume alikuwa amesimama nyuma ya kamba na lile koti la kike mkononi. Nywele zilikuwa zimeingia mvi pande zote mbili, na kikohozi kile cha msibani hakikuwa kimeondoka, kilikuwa kimehamia kabisa. Walisimama wakitazamana kama watu wanaotafuta mahali pa kushika. "Karibu mgeni," akasema, akijaribu kutania, na utani ukakataa. Koti lilikuwa kubwa kwa saizi mbili. Akalivaa hivyohivyo.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Kulikuwa na kitanda, meza, viti viwili ambavyo kimoja hakikuwahi kukaliwa, bomba la chuma ukutani la kuleta joto ambalo liligonga mara tatu kabla ya kupata moto, na dirisha la vioo viwili lililozuia sauti zote. Usiku wa kwanza mume aligeuka kitandani, na Bi Kiraka, aliyedhani atafurahi, akabaki macho akimsikiliza kwa woga, kama mtu anayekula chakula akijua sahani ni moja.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mume hakwenda kazini. Akavuta gunia kutoka uvunguni mwa kitanda, gunia zima, akalisukuma mpaka miguuni pa mkewe.

"Nini hiki?"

"Kazi," akasema, akatazama viatu vyake.

Zilikuwa nguo. Makoti ya ghalani yenye pamba ndani, suruali nzito, mashati, sweta, nguo za miaka yote ile. Nchi nzima ya mafundi na mashine, na mtu huyu alikuwa akichanikiwa anakunja nguo anaweka kando. Bi Kiraka alitoa ya kwanza: kiwiko kimelika kwa kubeba maboksi. Ya pili, mfuko umeng'oka. Hizo zilikuwa za kweli. Ya tatu aliipeleka dirishani. Mshono wa ubavu ulikuwa wazi kutoka kwapani mpaka kiunoni, na nyuzi zake zilikuwa zimekatwa kwa wembe, pito baada ya pito, kwa adabu. Na ya nne. Na ile iliyofuata.

Hakugeuka haraka. Alisimama pale na shati usoni, na mume akawasha jiko la chai.

Kuanzia hapo alishona kila siku. Viza yake ilimkataza kufanya kazi nchini mule, na walicheka sana siku moja wakijiuliza kama suruali ya mumeo ni ajira. Mume aliondoka alfajiri na koti lililozibwa, akarudi jioni akinuka barafu, akakaa kwenye kile kiti cha pili akimtazama anavyovuta uzi. Walizungumza kidogo. Miaka yote ya simu ilikuwa imewazoesha kusema haraka kabla salio halijakwisha, na sasa muda ulipokuwapo hawakujua wauanzie wapi. Gunia lilipungua. Kila lilipopungua, mume alilitazama, na Bi Kiraka naye akalitazama. Alijaribu kushona taratibu. Mikono ilikataa, ilikuwa imezoea kazi za watu wenye haraka.

Asubuhi ya kuondoka gunia lilikuwa tupu, limekunjwa juu ya meza. Mume alishuka na begi kulitia garini. Bi Kiraka alibaki kuchukua pasipoti. Koti zito la kazini lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, lile la mwisho alilolimaliza jana yake, mshono wa ubavu umekaza, fundo limefichwa ndani kabisa. Alilitazama. Kisha akaenda bafuni akachukua wembe wa mumewe, akalishusha koti, akakaa nalo kitandani.

Mume aliporudi alimkuta anakata pito la mwisho. Koti lilikuwa wazi kutoka kwapani mpaka kiunoni, pamba inachungulia. Mwanamke ambaye hakuweza kuona kitu kimechanika akakiacha hivyo, alisimama, akalitundika koti mahali pake, akatoa sindano kolani mwake na uzi wake wote, akaichomeka kwenye kola ya lile koti, upande wa kushoto.

"Usilivae hilo," akamwambia. "Bado sijalimaliza."